Ndugu Mhariri, na kushuka nako mtuandikie

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe, na kwa wale wasioitumia salamu hiyo basi habari za asubuhi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisomea kwa mangi wa duka hapa Kiboriloni, saa nyingine nanunua na saa nyingine nadoea lake akishamaliza, nasema ukweli msije mkadhani nawadai kitu. Naandika kuhusu ile safu yenu ya neno la asubuhi la kututia moyo, ya kusudi na uvumilivu na uongozi. Naisoma, naipenda pia, ila kuna jambo limenikaa rohoni toka mwezi wa sita na mke wangu kasema nisipolitoa nitapata presha, kwa hiyo nalitoa.

Sa hizi ukiamka saa kumi na moja alfajiri simu imeshajaa. Grupu la jumuiya, grupu la kwaya, grupu la ukoo, grupu la wazee wa kanisa, na kila grupu lina mtu mmoja ambaye sijui analala saa ngapi, kazi yake kutuma neno. Picha ya jua linachomoza, ua waridi, alafu maandishi: usikate tamaa mlango wako uko karibu kufunguka. Mshindi harudi nyuma. Wewe ni kichwa wala si mkia. Umeumbwa uwe kiongozi, inuka. Unaandika amina, unaendelea kutafuta soksi. Gazeti nalo nikifungua ni hivyo hivyo, mbele tu, juu tu, sijawahi kusoma neno la asubuhi linalomwambia mtu ndugu yangu hapo ulipofika, geuza.

Sikuona ubaya wake mpaka yalipotukuta ya dada mmoja wa jumuiya yetu. Huyu dada alikua na meza soko la Mbuyuni, parachichi na viazi, mjane, watoto watatu. Mwaka juzi akachukua mkopo kwa hawa jamaa wa kausha damu, laki tano, anarejesha elfu sabini na tano kila wiki kwa wiki kumi, pigeni hesabu wenyewe. Wiki ya sita mtoto akaumwa, akakopa kwa jamaa mwingine ili amlipe yule wa kwanza, alafu wa tatu ili amlipe wa pili, mnaijua hiyo ngoma inavyochezwa. Jumatano moja kwenye ibada ya jumuiya akaomba ushauri, akasema anafikiria afunge ile meza arudi Uru kwa mama yake alime, kule kodi ya nyumba hamna na ndizi za kula zipo, alafu awaombe wale jamaa awalipe kidogo kidogo.

Mzee wa kanisa aliyekuepo siku hiyo nilikua mimi. Nikakohoa kidogo, nikaweka sauti ya mchungaji, nikamwambia dada yangu usirudi nyuma, mke wa Lutu aliangalia nyuma akawa nguzo ya chumvi. Watu wakasema amina. Na toka siku hiyo kila asubuhi nikawa namforwadia neno, lile lile la mlango uko karibu kufunguka.

Akakomaa miezi minane. Mwezi wa sita mwaka huu wakaja na pikapu, wakabeba tivii, godoro, jiko la gesi, na cherehani ya marehemu mume wake ambaye alikua fundi. Nilipoenda kumpa pole alinikaribisha vizuri tu, shikamoo mzee, akanitolea ndoo nikalie maana viti navyo vilishaenda. Alafu akasema taratibu bila hata hasira, mzee, mi nilitaka kuacha toka mwaka jana, wewe ndo uliniambia nisigeuke.

Usiku ule sikulala. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba katika watu wote wa ile jumuiya, mi ndo nilipaswa kujua. Kwa sababu mi ni mtu wa mlimani.

Nimefanya kazi Kilimanjaro miaka 21, toka 1994 mpaka 2015 magoti yalipogoma. Nilianzia ugumu. Wasiojua, sisi wapagazi tunaitana wagumu, mambo vipi mgumu, poa mgumu. Kanuni ni kilo 20 kwa mtu na getini kuna mizani, ila zamani nilipoanza ulibeba ulichopewa na ukilalamika kuna mwenzako kijana kasimama nje ya geti anaisubiri nafasi yako. Wageni tunawafundisha pole pole, neno hilo wanaondoka nalo mpaka kwao, lakini mgumu hana pole pole, mgumu wa njia ya Machame anakimbia na kreti la mayai kichwani ili mgeni akifika akute hema limesimama na maji ya moto ya kunawa. Baadae nikasoma soma kidogo nikawa gaidi msaidizi. Ndo tunavyosema huku, gaidi, siyo yule wa taarifa ya habari, gaidi anayeongoza watalii. Mama yangu mpaka anafariki hakuwahi kulipenda hilo neno.

Mwaka 2003 kama sikosei tulipandisha mgeni mchungaji kutoka nje, njia ya Marangu. Mtu mzuri sana, anasali na wagumu kabla ya kulala, anauliza majina ya watoto wetu. Alikua anapanda kwa ajili ya kuchangisha hela za yatima, washarika wake kule kwao wameahidi kutoa akifika kileleni, na kwenye begi ana bango la kanisa lake apige nalo picha pale juu kwenye kibao cha mita 5,895. Tulipofika kambi ya Kibo, pale ni zaidi ya mita 4,700, alikua ameshabadilika. Supu aliitazama tu. Chai alikunywa akairudisha yote. Saa sita usiku wenzake wakaondoka na gaidi mkuu, wana mwendo, nyuma nikabaki na yeye.

Kwenye pango la Hans Meyer nikamwambia, mchungaji, tushuke. Akasema hapana, Mungu ameniambia nitafika. Akanitajia lile andiko la Wafilipi 4, la kuyaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu. Sasa hapa ndo pana dhambi yangu na naiandika wazi gazetini. Nilijua kabisa yule mtu anatakiwa kushuka. Lakini nusu nikaona aibu kubishana na andiko, na nusu nyingine ilikua tipu, mgeni akifika kileleni tipu inanona na mgeni akishuka njiani anakupa mkono. Nikasema amina, twende.

Tulipokaribia Gilman's, pale kwenye ukingo wa kreta, akaanza kutembea kama mtu aliyeshiba mbege. Akaniita kwa jina ambalo silo langu, nikaja kujua baadae ni la mtoto wake. Namuuliza tuko wapi, ananicheka. Nikapiga mluzi, mwenzangu mmoja wa grupu jingine akaja, tukamshika huku na huku kwapani tukateremka naye kwenye zile changarawe, unazama mpaka kwenye vifundo na giza bado lipo, mpaka Kibo, pale tukamlaza kwenye machela ile ya tairi moja tukakimbia naye kuelekea kambi ya chini, Horombo. Ule ugonjwa wa mwinuko dawa yake ya kwanza ni kushuka, utampa hiki utampa kile lakini kama hajashuka bado hujamtibu. Na kweli, kabla hatujafika Horombo akaanza kuniita jina langu. Alipona. Ila getini alilia sana, na siyo kwa maumivu. Alikua anasema nitawaambia nini, nitawaambia nini. Yaani mtu amepona kifo anaona aibu kwamba amepona, kwa sababu katika mahubiri yote aliyosikia na aliyohubiri mwenyewe hamna mahali pameandikwa kwamba kushuka nako kunaruhusiwa.

Gaidi mkuu wetu, mzee wa Marangu, ameshatangulia mbele za haki, jioni ile aliniita pembeni. Hakupiga kelele. Alisema, kijana, nani kakwambia kazi yako ni kufikisha watu kileleni, kazi yako ni kuwarudisha getini wakiwa na akili zao, kileleni ni pa kupitia tu.

Toka hapo nikaanza kumwangalia anavyofanya kazi. Usiku wa kileleni hakua anatangulia na wale wenye nguvu ili ionekane grupu lake ndo la kwanza. Anamchukua aliyechoka kuliko wote anamweka nyuma yake, mguu kwa mguu, na mwendo wa wote unakua ni mwendo wa huyo mmoja. Vijana wenye mapaja ya mpira wananung'unika weee, yeye hasikii. Kila baada ya muda anasimama, anahesabu vichwa, anatoa chupa ya chai anasema kunyweni, na biskuti mtu akisema sitaki anamsimamia mpaka amalize. Akiona mtu ameanza kuharibika anampa msaidizi amteremshe, na anamwambia maneno mawili matatu ambayo yule mtu anashuka kama amepandishwa cheo. Uongozi mi niliusomea hapo, na huwa nashangaa kwenye haya maneno ya asubuhi kiongozi ni yule tu aliyeko mbele kapiga suti.

Watu wa historia mnalijua hili vizuri kuliko mimi. Hans Meyer tunaambiwa alifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 na mwenzake Ludwig Purtscheller, na sisi watu wa upande huu tunamtaja pia mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kama mwonyesha njia. Lakini wengi hawasimulii kwamba Meyer alishindwa kwanza. Mwaka 1887 barafu ilimgeuza. Mwaka 1888 mlimani hata hakufika, vita ya Abushiri ilimnasa akashikwa mateka mpaka akalipiwa fidia. Mwaka 1889 wenyewe, tarehe 3 Oktoba, yeye na Purtscheller walifika mpaka ukingo wa kreta, kimebaki kipande, muda umeenda na nguvu hamna, wakashuka. Wakalala, wakala, siku tatu baadae wakamaliza kazi. Angekomaa ile tarehe 3 kwa sababu mshindi harudi nyuma, leo lile pango tungeliita kwa jina la mtu mwingine.

Basi nikarudi kwenye Biblia, na nilianza na mke wa Lutu maana ndo niliyemtumia vibaya. Mwanzo 19. Jamani. Mi nilishalisoma lile andiko mara ngapi sijui. Malaika hawakumwambia Lutu akomae Sodoma, walimwambia atoke, atoke haraka, mpaka wakamshika mkono wakamtoa wenyewe. Kosa la yule mama lilikua ni kushindwa kuondoka, mwili uko njiani na macho yako Sodoma. Mimi andiko la kumtoa mtu kwenye moto nimelichukua nikamfungia nalo mlango ndani ya moto, mbele ya watu kumi na nne na wote wakasema amina.

Nikaenda kwa Paulo, mtu wa kuvumilia kuliko wote. Matendo 16, anataka kuhubiri Asia, Roho anamkataza. Anajaribu kwenda Bithinia, anakatazwa tena. Hajakemea pepo la vizuizi, ameteremka zake mpaka Troa amelala, na huko usingizini ndo akaoneshwa Makedonia. Alafu Matendo 27, hii nimeisoma labda mara ishirini toka mwezi wa sita. Paulo ni mfungwa, cheo hana, anawaambia wenye merikebu pale Bandari Nzuri, jamani tusiendelee, mbele kuna hasara. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye, si unajua tena mwenye merikebu mzigo unamuuma. Wakaenda. Siku kumi na nne wanapigwa na bahari hawajala. Na Paulo kashaambiwa na malaika kwamba lazima asimame mbele ya Kaisari, yaani ahadi anayo mkononi, kusudi lake linajulikana mpaka mji atakaoshuhudia, lakini alfajiri ile hakuanza na ahadi. Alisema kuleni. Akachukua mkate akashukuru akaumega akaanza kula yeye, wote wakachangamka. Mle ndani watu 276 na aliyewaongoza ni mwenye pingu.

Na Elia vile vile, 1 Wafalme 19, kakimbia kakaa chini ya mretemu anaomba afe. Mimi ningemtumia picha ya jua linachomoza. Mungu alimwacha alale, akamletea mkate umeokwa kwenye makaa na maji, akala, akaachwa alale tena, akaletewa tena, ndo akaambiwa safari ni kubwa kuliko nguvu zako. Kwanza tumbo na usingizi, maneno yakaja baadae huko Horebu.

Sasa msinielewe vibaya, najua kuna mtu ameshashika kalamu anijibu kwamba uvumilivu ni tunda la Roho. Ni kweli ndugu yangu. Marehemu baba alipanda kahawa akaisubiri miaka mitatu ndo anaona buni ya kwanza, angeng'oa mwaka wa pili tungesoma na nini. Mimi siyo mtetezi wa wavivu, aliyebeba kilo 20 mpaka kambi ya Barafu hawezi kua mtetezi wa wavivu. Ila mlimani tuna namna ya kupima. Kichwa kuuma peke yake siyo sababu ya kumshusha mtu, huko juu karibu kila mtu kichwa kinamuuma. Tunaangalia, je anakula? Amelala? Anakojoa? Mwambie atembee kwenye mstari kisigino kwa kidole, anaweza? Mwulize anaitwa nani na leo ni siku gani. Kama anakula na anajitambua na mwendo umenyooka, huyo mtie moyo, mwambie komaa, na utaona anafika. Kama hivyo vimekataa, ukimtia moyo unamuua.

Nikampima yule dada kwa vipimo hivyo, nimechelewa lakini nikampima. Alikua anakula? Mara moja kwa siku, ili watoto wale mara mbili. Analala? Hapana, anasikiliza pikipiki za nje, ikipunguza mwendo anajua ni wao. Anajua anamdai nani na nani anamdai? Alishachanganya madaftari zamani. Vyote vilikataa mbele ya macho yangu na mimi nikasema amina, twende. Mara ya pili.

Kwenye kusudi sitasema mengi. Kijana wangu wa pili anaendesha bodaboda, akaenda semina ya kusudi la maisha hapo mjini, kiingilio elfu kumi, akarudi amenuna wiki nzima kwa sababu mnenaji kasema ukifika miaka 25 unafanya kazi ya kubeba watu na mizigo basi uko nje ya kusudi lako. Na yeye ana 27. Nikamfungulia Yeremia 29, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya, imebandikwa kwenye haisi zote za Himo. Nikamwambia soma mstari wa juu yake. Akasoma, miaka sabini. Soma juu zaidi. Jengeni nyumba mkakae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, uombeeni mji. Ile ilikua ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli, mtu mzima wa miaka arobaini aliyeisikia ikisomwa alizikwa huko huko Babeli, na kusudi lake lilikua ni mboga na harusi za watoto na kuombea amani mji ambao siyo wake. Kijana akakaa kimya. Alafu akasema, kwa hiyo mzee niendelee na boda? Nikamwambia kabadilishe oili kwanza, inavuta moshi.

Nimalizie na Nehemia maana ndo mtu wenu, kila mkiandika uongozi lazima awepo, alijenga ukuta wa Yerusalemu siku 52. Sawa. Ila siku 52 ziko sura ya 6, na sura ya 5 mnairuka. Sura ya 5 kazi imepamba moto na watu wanapiga kelele, wameweka rehani mashamba na nyumba, wamekopa hela kulipa kodi ya mfalme, watoto wao wanachukuliwa utumwani, na wakopeshaji ni ndugu zao Wayahudi. Kausha damu kabisa. Nehemia hakuwaambia wale mama wavumilie ukuta uko karibu kwisha. Alikasirika, akaitisha mkutano mkubwa, akawaambia wakubwa rudisheni leo hii mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba zao pamoja na ile riba, na wakarudisha. Na yeye mwenyewe miaka 12 ya uliwali hakula chakula cha liwali kwa sababu mzigo wa wale watu ulikua mzito. Wote wanahubiri siku 52, sijasikia anayehubiri miaka 12.

Hili nililisema kwenye kikao cha wazee wa kanisa, kukawa na ukimya fulani hivi. Mmoja wa wakopeshaji wa yule dada anakaa benchi la tatu kutoka mbele, bahasha yake ya ahadi ni nene, na sote tunajua. Mwenzangu mmoja akasema hayo ni mambo ya biashara, tusiyaingize kanisani. Nikamwuliza na mke wa Lutu nani alimwingiza.

Ombi langu kwenu Ndugu Mhariri ni dogo. Hao wanaotuandikia neno la asubuhi wasiache, ila wachanganye. Siku moja waandike kwa ajili ya mwenye duka ambaye anatakiwa alifunge kabla halijamfunga yeye. Siku nyingine waandike kwa mwenyekiti aliyekaa kiti miaka kumi na tano, wamwambie na kushuka ni uongozi, hiyo najua watasomewa wengi. Waandike kwa binti anayepigwa ndani ya ndoa na shangazi zake wanamtumia meseji za uvumilivu. Wamwambie mtu leo nenda kalale, neno tutaongea kesho. Na kama hawajui kuandika hayo waje huku getini Marangu au Mweka saa tisa alasiri, wakae na wagumu wanaoshuka, wataandikiwa.

Yule dada yuko Uru kwa mama yake toka mwezi uliopita. Analima maharage chini ya migomba, watoto wamehamia shule ya kule, mdogo ameshaanza kuongea kichaga cha bibi yake. Wazee watatu tulikaa na wale jamaa, tulibeba karatasi zote, wawili tumeelewana nao riba ikatwe na walipwe kidogo kidogo, wa benchi la tatu bado anafikiria. Deni lililobaki lilikua laki tano. Jumapili iliyopita kwenye mnada pale nje baada ya ibada tuliweka mkungu mmoja wa ndizi, anayenunua anaurudisha unauzwa tena, ukauzwa mara sita, ikapatikana laki na elfu ishirini, na wa mwisho akautoa mkungu wenyewe upelekwe Uru, akasahau kwamba Uru ndizi ndo zimejaa. Imebaki laki tatu na themanini. Dada kasema jumamosi atashusha parachichi mwenyewe niwauzie hapa Kiboriloni, na mimi nimeshajitoa kwenye grupu mbili.

Jina langu mnalo kwenye bahasha, naomba msilichape.

Mgumu mstaafu na mzee wa kanisa,
Kiboriloni, Moshi